Aliyelizwa Yumo, Aliyeliza Hayumo

Sikiliza watu wa Mbagala Rangi Tatu au wa Tegeta, jijini Dar es Salaam, wanavyosimulia fedha za mwenzao zilivyokwenda. Kalizwa. Kapigwa. Kaingizwa mjini. Kauziwa mbuzi kwenye gunia, kapigwa changa la macho, kaingia mkenge, kaingia kingi. Kote humo anatajwa mtu mmoja tu, yule aliyeumia. Aliyemuumiza hayumo.

Sarufi inaruhusu hilo. Kutokana na lia tunapata liza, na kutokana na liza tunapata lizwa. Ile -w- ya kutendwa ikishaingia, msemaji hana haja ya kuongeza "na fulani"; sentensi imekamilika na mkosaji ameshaondoka. Kuingia mkenge kumekwenda mbali zaidi, kwani hapo hata kutendwa hakupo: mhanga anasemwa kana kwamba alijipeleka kwa miguu yake. Kuingizwa mjini nako kunabeba hukumu, kwamba aliyedanganywa bado ni mgeni asiyejua mambo. Dar es Salaam tumeiita Bongo kwa sababu mtu huishi humo kwa akili, hivyo aliyechukuliwa fedha kwa maneno huonekana hana akili hiyo. Juu yake tunamwongezea methali ya wajinga ndio waliwao. Nani atataka kusimama mbele ya majirani na kukiri? Watu wengi hunyamaza, na ukimya huo unampa tapeli nafasi ya kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana napenda neno kutapeliwa: tapeli mwenyewe amebaki ndani yake.

Utapeli wenyewe ni kazi ya lugha, tena kazi ya ustadi. Chukua ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini ameupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nguvu yote iko kwenye ile. Kwa kawaida kionyeshi hicho hutumika pale wasemaji wawili wanapokijua kitu kinachotajwa. Tapeli hajui kitu. Anatupa neno kwa mamia ya watu, na miongoni mwao yupo mpangaji wa Tandika ambaye jioni hiyo alikuwa amtumie mwenye nyumba kodi, au mama ambaye mtoto wake yuko bweni na anasubiri ada. Huyo hujaza maana mwenyewe. Hakuna uongo mrefu aliosimuliwa, kwa hiyo hakuna mahali pa kushtukia.

Sehemu ya pili ya ujumbe huo ni ya hatari zaidi: "jina litakuja fulani." Huduma za kutuma fedha kwa simu, ambazo M-Pesa ilianza kuzitoa hapa nchini mwaka 2008, humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Hapo ndipo angesita. Tapeli analijua hilo, hivyo analitaja jina mapema ili lisikushtue litakapotokea. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020, lakini jina lililosajiliwa halikusaidii kitu ikiwa umeshaandaliwa kulipokea.

Wakati mwingine neno zuri hufanya kazi kubwa kuliko uongo. DECI, taasisi ya upatu iliyokuwa na ofisi zake Mabibo na kusimamishwa na Serikali mwaka 2009, iliwaita wanachama wake wapanda mbegu. Mbegu huota yenyewe ikipata mvua. Mkulima haulizi mavuno yanatoka kwa nani. Fedha haioti hivyo. Aliyevuna alilipwa kwa mbegu za waliopanda baada yake.

Sheria husema kwa namna tofauti kabisa na mtaa. Kosa linaitwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na mtenda wa kujipatia ni mshtakiwa. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinamfikisha kwenye kifungo cha hadi miaka 7. Mahakama haipimi ujanja wa mlalamikaji. Inauliza mshtakiwa alisema nini, kama alijua si kweli, kama alikusudia kulaghai, na alipata nini kutokana na maneno hayo.

Kwa hiyo ukifika kituo cha polisi usiseme tu umepigwa. Hapo neno hilo linaelekea kwenye majeraha na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Anza na yeye: namba hii iliniandikia hivi, siku hii, saa hii, ikidai ni mwenye nyumba wangu, nami nikatuma kiasi hiki. Usifute ujumbe, wala ule wa muamala wenye namba ya kumbukumbu. Upigie mtandao wako wa simu mara moja, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Na hata kama hukutuma shilingi, tuma ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili hiyo, ili laini hiyo ifungiwe.