Fungua, Usikate

Msomaji wa Morogoro ameona video ya Uridium, mchezo wa kutungua meli za angani alioutunga Mwingereza Andrew Braybrook mwaka 1986 kwa ajili ya Commodore 64. Anauliza: mbona huyu mchezaji hafi? Swali la haki. Mimi kule hata dakika mbili sifikishi.

Jibu ni katriji, mfano Action Replay, iliyochomekwa nyuma ya mashine. Kuiita kidanganyio sitaki, neno lanuka chambo. Napendekeza kichakachuo: anayetia mafuta ya taa kwenye petroli habadilishi pipa. Wenyewe wazungu walisema "mkufunzi". Sijui kilimfunza nani.

Kina kitufe. Ukibonyeza, prosesa inapata ishara isiyoruhusiwa kuipuuza, na mchezo unasimama risasi zikiwa hewani. Sasa chukulia kumbukumbu ya mashine ni daftari la mangi, kurasa 65,536, kila ukurasa namba moja isiyozidi 255. Umemlipa mangi mikate 5 mbele. Hizo ndizo roho zako. Ziko ukurasa upi? Orodhesha kurasa zote zenye 5. Rudi ukafe. Simamisha tena: kati ya zile, zipi sasa zina 4? Chache. Nenda ukafe tena. Umebaki ukurasa mmoja.

Kuandika 5 upya kila mara ni kazi ya kitoto. Utamu uko kwa mangi mwenyewe, yaani prosesa. Mahali fulani ameagizwa 206, yaani fungua ukurasa huo, kata moja. Kichakachuo kinafuta 206, kinaweka 173: fungua ukurasa huo, soma. Basi! Mangi hana habari. Kila ukilipuliwa anavaa miwani, analamba kidole, anafunua ukurasa uleule, anasoma "tano", anatikisa kichwa, anafunga. Kalamu bado iko sikioni. Na kwa kuwa maagizo yote mawili yana baiti 3, yaani kurasa 3, hakuna mstari hata mmoja unaosogea. Nalijua hilo miaka mingi na bado linanichekesha.

Kuna michezo inayokata kwa njia nyingine, na kuna inayoganda. Tuiache.

Na kama unahofia kwamba kanda iliharibika: haikuguswa. Uchakachuaji wote ulikaa kwenye kumbukumbu. Zima mashine, pakia mchezo upya kutoka kwenye kaseti, na 206 iko palepale.