Je, Wajua? Kengele ya Oxford Hugonga Mara 101

Je, wajua kwamba mji wa Oxford, Uingereza, una kengele isiyokubali saa ya London? Mume na mke wanaotembelea mji huo wakisimama nje ya chuo cha Christ Church saa 3:05 usiku, wataisikia Great Tom, yenye uzito wa zaidi ya tani 6, ikigonga mara 101. Haijachelewa. Oxford iko magharibi mwa Greenwich, London, ambako saa hiyo ilianzia, na adhuhuri yake hufika kama dakika 5 baadaye. Kabla ya reli, na hatimaye sheria ya 1880, kuilazimisha nchi ifuate wakati mmoja, kila mji ulikwenda na jua lake. Kwa hesabu hiyo ya kale, ndiyo kwanza saa 3 kamili.

Na kwa nini 101? Ni idadi ya wanafunzi wa awali wa chuo hicho: 100, na mmoja aliyeongezwa karne ya 17. Zamani mlio huo ulikuwa amri: malango yafungwe, vijana wawe ndani! Mnara wa kengele hiyo ulisanifiwa na Christopher Wren, yuleyule aliyesanifu Kanisa Kuu la St Paul's, London. Wanaowahi basi la jioni kurudi London huukosa mlio huo. Afadhali mlale hukohuko.