Merkiri, dhahabu na kompyuta ya kwantiki: moshi tuufunike leo

Wandugu wachimbaji wa Misisi, Lubichako na kwingine katika teritware ya Fizi, na nyinyi wamama munaotwanga mawe: siye wote tunajua kama merkiri inapenda dhahabu. Unaitia ndani ya karai pamoja na mchanga mweusi, unasugua, inakamata punje za dhahabu. Kisha unakamua katika kitambaa, unachoma, dhahabu inabaki. Moshi unaopanda njo sumu yenyewe. Unaharibu mapafu, figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaupitisha kwa mtoto.

Juu ya nini merkiri inashika dhahabu na kuacha mchanga? Jibu liko katika elektroni, vile vichembe vidogo sana vya kila atomu. Dhahabu iko navyo 79, merkiri 80. Katika atomu nzito kama hizi, elektroni za ndani zinakimbia kupita nusu ya mwendo wa mwangaza, na mbio hizo zinageuza tabia ya madini. Mwaka 2013 watafiti, Peter Schwerdtfeger wa New Zealand akiwa mmoja wao, walionyesha kwa hesabu kama bila mbio hizo merkiri ingekuwa ngumu, na ingeyeyuka tu kwenye joto la karibu digrii 80.

Shida ni kwamba hesabu kamili za namna hii zinaweza kuzidi nguvu ya kompyuta za kawaida. Kila elektroni inasukumana na zingine zote. Ukiongeza moja, kazi inaweza kuwa mara mbili: kwa 10 unapita 1,000, kwa 20 unapita milioni, kwa 30 unapita miliari. Ndiyo sababu mwaka 1981 mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alisema ili kuiga vitu vidogo hivyo inafaa mashini inayofuata sheria zao zenyewe. Mashini hiyo leo inaitwa kompyuta ya kwantiki. Zile za IBM na Google zinafanya kazi katika baridi inayokaribia digrii -273, na ndani ya friji zao muko vyuma vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Kumbe dhahabu iko mpaka kule.

Zilianza namna gani? Mwaka 2017 IBM ilihesabu molekuli ya atomu 3. Mwaka 2020 Google ilihesabu mnyororo wa atomu 12 za hidrojeni, ambayo ni atomu nyepesi kuliko zote. Kutoka hapo mpaka dhahabu na merkiri, njia ni ndefu.

Lakini faida tunaiona. Mwaka 2013 pia, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, watafiti waligundua kitu kinachotoka katika wanga, kama ule wa muhindi, ambacho kinashika dhahabu na kuiacha mengine. Walikipata kwa bahati, wakitafuta jambo lingine. Kinataka kwanza dhahabu iyeyushwe katika asidi, basi hakijawa dawa ya kwenye shimo. Hesabu nzuri ingesaidia kutafuta dawa ya namna hiyo bila kungojea bahati. Siku itakapopatikana, sendika itauliza: itauzwa bei gani, na nani ataifungia kabatini?

Tusikae kungoja lakini. Kornu iko tayari: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Moshi unapita katika bomba, unapoa, merkiri inarudi maji na unaitumia tena. Inatumiwa inje, mbali na watoto, na haifunguliwi mbele ya kupoa. Mkataba wa Minamata, ulioanza kazi mwaka 2017, unataka nchi wanachama ziondoe kuchoma wazi na kuchoma katika makao ya watu.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative ichange kornu moja kwa kila kambi, na wenye mashimo pamoja na wanunuzi wa Misisi mpaka Baraka watoe sehemu yao. Gramu wanayopima mezani imepita katika pafu la mtu.