Paa la Mabati Nalo Lahitaji Pumzi

Saa nne za usiku mtoto amekwisha kukisukuma chandarua kwa miguu, si kwa utundu bali kwa joto. Mama hukirudisha, baada ya kitambo kidogo kiko chini tena, na mbu hana haja ya kubisha hodi. Hali hii yajulikana katika nyumba nyingi za mabati nchini Uganda, tangu mitaa ya raia hata nyumba za askari, na chanzo chake kiko kileleni mwa paa.

Paa la nyasi la wazee lilipumua. Hewa ya moto na moshi wa jikoni vilipenya katikati ya nyasi, vikaenda zake. Bati halina tundu. Haliungui kama nyasi, hilo ni sifa yake, lakini hunywa jua mchana kutwa. Na fundi akiisha kupigilia kofia juu ya mgongo wa paa, hewa ya moto iliyopanda hukaa pale pale.

Yafaa basi mabati ya pande mbili yasikutane kileleni. Kati yao ubaki mwanya wa sentimita 5 hivi, ila sentimita 30 za kila mwisho zizibwe. Vipande vya mbao vya kimo cha sentimita 5 huiinua kofia juu ya mwanya. Kofia nayo iwe pana, ipite ukingo wa mwanya kwa sentimita 20 kila upande, maana mvua ya upepo haianguki wima. Chini yake utandikwe wavu wa waya kuzuia popo, ambao wakisha kuingia ni taabu kubwa kuwatoa.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hufungua juu, wakasahau chini. Hewa ya moto haitoki pasipo nyingine kuingia mahali pake. Mwanya wa urefu wa mita 5 una uwazi wa robo ya mita mraba. Hapana budi uwazi usiopungua huo upatikane chini ya upenu, baina ya ukuta na paa. Lakini upenu ulio wazi ndio mlango aupendao mbu wa malaria. Kwa hiyo wavu wa mbu uliopigiliwa sawasawa ni sharti, na kwa kuwa nyuzi zake hula sehemu ya uwazi, tundu liongezwe kiasi.

Joto lote halitakwisha. Bati la moto hupeleka joto chini hata hewa ikipita. Hilo huzuiwa na dari, ingawa iwe ya mikeka, na hewa ipite kati ya dari na bati. Wala mtu asidhani kwamba sasa aweza kulala na jiko la mkaa ndani. Sumu yake haina rangi wala harufu, nayo huua kimya. Jiko hukaa nje.

Askari akaaye katika nyumba ya serikali asikate bati kwa hiari yake. Apeleke ombi kwa wahusika wa majengo. Mwenye nyumba yake aanze asubuhi ya kiangazi, bati lingali baridi, na kofia irudi mahali pake kabla ya mawingu ya alasiri.