Vigezo vya kitendakazi

Vigezo vya kitendakazi ni majina yanayopokea thamani ambazo kitendakazi, yaani sehemu ya programu ya kompyuta yenye jina na kazi yake maalumu, hupewa kila kinapoitwa. Thamani hizo zikiwa stringi (mfuatano wa herufi, tarakimu na alama), vigezo huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kwa kompyuta maandishi yote ni ya aina moja: haitofautishi jina la wilaya na jina la mkoa.

Mfano ni programu yenye orodha ya wilaya za Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Kitendakazi tafuta(jina, mkoa) hupokea stringi mbili. Mtu akiandika tafuta("Mwanza", "Nyamagana") amegeuza mpangilio, kwani Nyamagana ni wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza. Hata hivyo hakuna kosa litakaloonyeshwa, ila jibu tupu. Katika Python, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008, alama * ndani ya orodha ya vigezo humlazimu anayeita kuvitaja kwa majina vigezo vinavyoifuata: tafuta(jina="Nyamagana", mkoa="Mwanza").

== Ritifaa ==

Katika mkoa jirani wa Geita iko Wilaya ya Nyang'hwale, iliyoanzishwa mwaka 2012. Jina lake huvuruga kitendakazi kinachounda agizo la SQL kwa kuunga vipande vya maandishi. Katika SQL ritifaa ndiyo inayofunga stringi, hivyo kompyuta husoma Nyang kuwa jina zima, na hwale kuwa sehemu ya agizo. Kwa mwanya huohuo mtu mwenye nia mbaya huweza kupenyeza maagizo yake kwenye hifadhidata. Kufuta ritifaa si dawa, maana ni sehemu ya tahajia: ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma. Dawa ni kuacha nafasi ndani ya agizo (katika SQLite ni alama ?) na kupeleka jina peke yake kama kigezo, bila kuligusa.

Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda (U+2019) badala ya iliyonyooka (U+0027). Kwa jicho jina ni lilelile; kwa kompyuta ni stringi mbili tofauti, ingawa kila moja ina alama 11. Kitendakazi cha kuzisawazisha kinahitaji kigezo kimoja tu, na hurudisha stringi mpya. Wengine hukiongezea vigezo vya ndiyo na hapana hadi mwito unakuwa sawazisha(jina, True, False, True), ambao hata mwandishi wake hauelewi baada ya mwezi. Afadhali vitendakazi viwili vitatu vidogo, kama sawazisha_ritifaa(jina) na ondoa_nafasi(jina).