Yadi Inakuonyesha Gari, Haikuonyeshi Karatasi Yake

Kwenye yadi za magari, iwe Kinondoni jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, mteja akisema anafikiria kuagiza mwenyewe kwa mtandao hupewa jibu lile lile: gari halinunuliwi kwa picha. Njoo ulione, fungua boneti, piga stati, zunguka nalo mtaa mmoja, ukiridhika tuongee bei. Anayetuma pesa Japani kwa kuvutiwa na picha ishirini za kwenye simu, wanasema, anauziwa mbuzi ndani ya gunia. Hoja hii ina nguvu kwa sababu ndivyo tulivyozoea kununua karibu kila kitu, kuanzia nazi hadi kiwanja, na siamini kwamba wanaoitoa wana nia mbaya. Lakini kwa gari lililotumika Japani, mambo yako kinyume. Anayeagiza mtandaoni, mradi ajue cha kuomba, hulijua gari lake kuliko yule aliyelizunguka mara tatu yadini na kuligonga gonga milango. Kinachomtofautisha naye ni karatasi moja.

Karatasi hiyo huandikwa mnadani. Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupitia kwanza minada ya wafanyabiashara huko Japani. Mmoja wa mikubwa kabisa, USS Tokyo ulioko Noda mkoani Chiba, hupitisha maelfu ya magari kwa siku moja. Kila gari hunadiwa kwa sekunde chache tu, na wanunuzi wengi wameketi mbele ya skrini, mbali na gari lenyewe. Mjapani anayeuza magari naye, basi, hununua bila kugusa. Ili biashara ya namna hiyo iende, mnada huweka wakaguzi wake, ambao kazi yao ni kuandika ubaya wa gari bila kumwonea haya mwenye gari. Juu kwenye kona huandikwa gredi: 5 au 4.5 ni gari linalokaribia upya, 4 ni zuri, 3.5 limetumika na linaonyesha, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari, na juu ya mchoro zimetawanywa herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Namba inayofuata herufi hutaja ukubwa wa kasoro. Ukiona U2 kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, unajua mlango upi umebonyea na kwa kiasi gani, hata kama wewe uko Mbeya na gari liko Chiba.

Sasa lifuate gari hilo hilo mpaka yadi. Likifika hukuti tena U2 wala W1. Limepigwa polishi, injini imeoshwa, tairi zimepakwa dawa zikang'aa, viti vimevishwa kava mpya, na ule mlango uliobonyea umenyooshwa na fundi hodari wa rangi ambaye kazi yake huwezi kuitambua kwa macho. Hakuna kosa kulipamba gari unaloliuza. Kila muuza samaki humwagia samaki wake maji. Tatizo ni kwamba karatasi iliyoeleza mlango huo ulikuwaje inabaki kwenye faili la mwenye mali, au kwenye barua pepe yake, na mteja haonyeshwi. Anachoonyeshwa ni kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, na kilomita ndizo rahisi kuliko vyote kurudishwa nyuma. Hapa napo Japani imekwisha kutoa jibu. Gari la abiria huko hukaguliwa na serikali miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Linapofutwa kwenye daftari la magari ili lisafirishwe nje, hutolewa cheti chenye namba ya chesisi, tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Cheti hicho ndicho tunachotumia kugombolea gari bandarini, kwa hiyo kila mwenye yadi aliwahi kuwa nacho mkononi. Kama kinasema kilomita 118,000 na dashibodi inasema 64,000, hakuna la kubishana.

Watu wa yadi watasema, na hapa wana haki ya kusikilizwa, kwamba fundi mzuri anayaona yote hayo bila karatasi. Mengine kweli anayaona. Atasikia mlio wa injini, atanusa mafuta ya gia, ataingia chini ya uvungu na kugundua kutu iliyoletwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji kaskazini mwa Japani, jambo ambalo picha za mtandaoni hulikwepa mara nyingi. Namshauri kila mnunuzi aende na fundi wake, tena fundi asiyetegemea chochote kutoka kwa dalali. Lakini fundi husoma hali ya gari siku ile tu aliyoitwa. Historia yake haisomeki kwenye bodi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu jambo hili, akitumia soko la magari yaliyotumika kama mfano, na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Alieleza kwamba mwenye gari akiwa anajua kinachofichika na mnunuzi hajui, mnunuzi hujilinda kwa kutoa bei ya chini kwa magari yote, mabovu na mazima. Hapo mwenye gari zima huona hapati haki yake, hulirudisha nyumbani, na sokoni hubaki mabovu. Maana yake ni kwamba siri inamuumiza pia mwenye yadi mwaminifu. Yeye kanunua gari la gredi 4.5 kwa bei kubwa, na mteja analipima kwa jicho lile lile analopimia lililogongwa likanyooshwa.

Na sheria yenyewe haimpi mtazamaji faida anayodhani. Sheria za mauziano ya bidhaa za Tanzania na Kenya, ambazo zote zilichukuliwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, zinamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili soko. Kisha zinaweka sharti: kama mnunuzi amekikagua kitu, kinga hiyo haifiki kwenye kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzibaini. Kwa hiyo ule mwaliko wa njoo ulione, uridhike, una uzito wa kisheria ambao wateja wachache wanaufahamu. Ukishalizunguka gari na kukubali, mkwaruzo na tairi kipara ni mali yako. Ugomvi unaokubakizia nguvu ni ule wa kasoro zilizojificha, na huwezi kuonyesha kwamba muuzaji alizijua bila zile karatasi alizozifungia.

Pingamizi kubwa zaidi ni utapeli, na halipaswi kupunguzwa uzito. Watu wamepoteza akiba za miaka kwa tovuti za uongo zinazoiga jina la kampuni ya Japani. Wengine walipokea ankara ya kweli, kisha barua pepe ya pili ya uongo ikidai kwamba akaunti imebadilika. Lakini tazama utapeli mwingi uko upande gani wa mtandao. Neno mtandaoni limebeba biashara mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuagiza kutoka kwa msafirishaji wa Japani anayetoa namba ya chesisi, karatasi ya mnada, na akaunti yenye jina la kampuni yenyewe. Wasafirishaji hao wana umoja wao, JUMVEA, na wakubwa kama Be Forward, iliyoanzishwa 2004, wana ofisi au mawakala mjini kwetu ambako mtu anaweza kwenda na kuuliza kabla ya kulipa. Biashara ya pili ni picha ya Alphard inayong'aa Instagram, bei ya kuvutia, namba ya WhatsApp, na ombi la malipo ya awali ili gari lisichukuliwe na mwingine. Hiyo ni dalali wa barabarani aliyehamia kwenye simu. Hana gari, hana karatasi, na ana cha juu chake. Kuzihesabu mbili hizi kama kitu kimoja ni kumtisha mnunuzi asiende mahali ambapo angepata taarifa, eti kwa sababu kuna mahali pengine pasipo na taarifa. Karatasi ya mnada nayo hughushiwa, najua. Ila kwa namba ya chesisi zipo huduma za kuihakiki kwa ada ndogo kulinganisha na bei ya gari, na polishi haina pa kuhakikiwa.

Kwenye bei, upande wa yadi una haki kuliko unavyopewa. Anayeona Toyota IST kwa dola elfu chache kwenye tovuti na kisha kuilaani yadi kwa bei yake hajamaliza hesabu. Bei ya FOB huishia gari likiwa melini Japani, na CIF huongeza bima na nauli hadi bandarini. Baada ya hapo, kwa Tanzania, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa unaopanda na ukubwa wa injini. Kwa magari makuukuu kuna nyongeza ya uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10, na 30 likizidi miaka 10. Mamlaka ya mapato, TRA, hutumia jedwali lake la thamani, wala ankara yako ya bei chee haitakuokoa, ndiyo maana kikokotoo cha TRA kinapaswa kufunguliwa kabla ya tovuti ya magari. Kenya hailitozi gari kuukuu zaidi. Hulikataa kabisa likizidi miaka 8. Ongeza wakala wa forodha, gharama za bandari zinazopanda kila siku hati zikichelewa, usajili na bima, pamoja na wiki kadhaa za kusubiri meli. Mwenye yadi ameyabeba hayo yote kwa pesa yake, gari likakaa juani likisubiri mteja. Anastahili faida. Anastahili pia shukrani ya mtu anayehitaji gari Jumatatu, au anayelipa nusu na kumalizia polepole huku kadi ikibaki kwa muuzaji. Kampuni ya Japani haikupi nafasi hiyo.

Wapo wanaonyooshea kidole Uingereza, ambako Cazoo, duka la magari la mtandaoni lililoanzishwa 2018 na kuthaminiwa takriban dola bilioni 7 lilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2021, lilianguka Mei 2024. Kumbe hata Wazungu wanataka kushika gari, husemwa. Naona somo tofauti. Cazoo ilinunua magari yenyewe, ikayakarabati, ikayahifadhi, ikayasafirisha hadi mlangoni, na kumwaga fedha kwenye jezi za timu za mpira. Ilikuwa yadi kubwa sana yenye tovuti, na gharama za yadi ndizo zilizoizamisha. Carvana ya Marekani ilikaribia shimo hilo hilo mwaka 2022, kisha ikapunguza gharama na kupata faida, ikiendelea kuuza kwa mtandao. Ninachowaonea wivu wanunuzi wa Uingereza ni sheria inayompa anayenunua kwa mbali bila kukiona kitu siku 14 za kubadili mawazo. Anayeagiza kutoka Japani hana njia ya kurudisha gari, kwa hiyo karatasi ndiyo siku zake 14, nazo anazitumia kabla ya kulipa.

Kwa hiyo ninachokiomba kwenye yadi ni kidogo, na hakihitaji sheria mpya. Kioo cha mbele tayari hubandikwa karatasi yenye mwaka, cc na bei. Pembeni yake ibandikwe nakala ya karatasi ya mnada na ya cheti cha kusafirishia, namba ya chesisi ikionekana. Kijapani si kikwazo tena, kwani simu hutafsiri maandishi kwa kupigwa picha, na gredi na herufi za mchoro ni zile zile tunazofundishwa darasa la kwanza. Kwa gari ambalo halikupitia mnadani, cheti pekee kinatosha kuanza mazungumzo, maana bila hicho lisingetoka Japani. Wasituambie kwamba mashirika ya viwango, TBS au KEBS, yameshamaliza kazi hiyo. Ukaguzi wao hupima kama gari ni salama kuwa barabarani, na gari lililogongwa vibaya likatengenezwa vizuri linaweza kuupita kihalali. Mteja naye, kabla ya kugusa kitasa cha mlango, aanze na swali la karatasi, na akijibiwa kwamba ilipotea aipunguze bei kana kwamba imeandikwa R.

Aliyeipata asiitupe. Miaka 5 baadaye, namba yake ya usajili ya herufi E itakapokuwa ya zamani na gari linauzwa mkononi, dalali atakuja na mnunuzi atakayepiga teke tairi, atatazama kilomita na kuguna. Wakati huo nakala iliyotunzwa ndani ya bahasha ya kadi, yenye kilomita za siku gari lilipotoka Japani na ule mlango wa kushoto ulioandikwa U2, itakuwa ndiyo kitu pekee chenye umri sawa na swali lake.