Mbachao Ukitoboka

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Je, mbachao ukishatoboka? Swali hili liliwakabili watunzaji wa Linux, mfumo unaoendesha tarakilishi nyingi duniani. SHA-1, mbinu ya mwaka 1995 ya kuhakiki kwamba data haikughushiwa, ilithibitika kuwa mbovu mwaka 2017, watafiti walipounda hati mbili tofauti zenye alama moja ya utambulisho. Mwaka 2023 watunzaji wakaiondoa katika uhakiki wa saini ndani ya kiini cha mfumo. Kumbe iwd, programu ya kuunganisha tarakilishi na mtandao usiotumia waya, ilikuwa ingali inaitegemea! Baadhi ya watumiaji wakashindwa kuunganishwa, na mwaka 2024 mbinu hiyo ikarejeshwa.

Sisi wanaisimu tunaufahamu mtihani huu. Mtunzi wa kamusi si lazima alifute neno lililochakaa. Huweza kulitia alama kuwa ni la kale, ili msomaji wa tenzi asipotee. Hata hivyo, neno la kale halimfungulii mwizi mlango. Mbinu mbovu humfungulia. Kwa hivyo sharti iondolewe. Lakini kwanza ichunguzwe ni nani anayeitegemea, apewe onyo na muda wa kuhama, ndipo ifutwe. Anayeupuuza utaratibu huo hulazimika kuurudisha ubovu ule ule aliokusudia kuuondoa.